Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba hadi Santuri za Bombay

Anayetafuta chimbuko la taarab ya Kiswahili huelekezwa kwanza kwenye kasri. Huelezwa habari za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hadi 1888, jinsi alivyoupenda muziki wa Misri hata akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Habari hizo zina ukweli. Hata hivyo, muziki huo uliimbwa kwa Kiarabu na kusikilizwa na wachache, na laiti ungalibaki pale ulipoanzia, Mswahili wa kawaida asingaliuita wake. Aliyeutoa humo ukaenea mitaani ni mwanamke mfinyanzi ambaye hakupata elimu ya shule, naye ni Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka wa 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake alikuwa Mzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na jina hilo linatosha kutueleza alizaliwa katika tabaka gani. Amri ya kukomesha utumwa Unguja ilitolewa mwaka wa 1897, wakati yeye tayari ni msichana wa miaka kumi na saba hivi, na masuria hawakuingizwa katika ukombozi huo hadi 1909. Siti ni neno la heshima, maana yake bibi au mwanamke mtukufu. Safari yote ya maisha yake imo katika majina hayo mawili.

Kijijini alifinyanga vyungu, kazi aliyoirithi kwa mama yake, kisha akavibeba kichwani kwa miguu hadi mjini kuvinadi. Yasemekana kwamba wateja waliitambua sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe. Ni vyema mwanafunzi wa fasihi simulizi alizingatie jambo hili: wito wa mchuuzi nao ni utendaji wenye hadhira, wenye mahadhi, na wenye kupimwa papo hapo kwa kununuliwa au kutonunuliwa bidhaa. Kabla ya kuketi mbele ya udi na fidla, Siti alikuwa tayari amefuzu katika chuo hicho.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Mji aliouingia ulikuwa ukibadilika kwa kasi. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, na upande wa pili, ng'ambo ya kidimbwi cha maji ya bahari, vilitapakaa vibanda vya udongo na makuti. Ng'ambo, kama upande huo ulivyoitwa na unavyoitwa hadi leo, ilijaa waliokuwa watumwa mashambani pamoja na wahamiaji kutoka bara na Ngazija. Walikuja na ngoma zao, lugha zao na mila za jamii walizotengwa nazo. Waliwezaje kuishi kama watu wa mji mmoja? Swali hilo halikuwa la kinadharia, kwani hata ardhi waliyojengea haikuwa yao, na mwaka wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja.

Nyumbani kwa Siti huko Ng'ambo ndiko kikundi chake kilikokutana usiku. Aliandamana na Subeti bin Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Mwalim Shaaban. Ala zilikuwa zile zile za kasri. Kilichobadilika ni lugha, na pamoja na lugha, mambo yaliyostahili kuimbwa. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu na Kihindi, na alifanya hivyo alipoalikwa na wakubwa, lakini nyimbo zilizompa umaarufu zilikuwa za Kiswahili, zenye vina, mizani na mafumbo ya ushairi wa mwambao. Hapa pana jambo ambalo mara nyingi hupitwa katika mijadala ya taarab. Siti hakuuacha ushairi wa jadi ili awe wa kisasa, bali aliutwika habari za mtaa wake, nao ukazibeba.

Mfano ulio wazi ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akaalikwa matembezini na kuuawa. Mwuaji alitorokea bara. Wanawake wawili walioshuhudia kesi ndio waliotiwa hatiani, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa siku hiyo. Mahakama ya kikoloni ilimaliza kazi yake, lakini Ng'ambo haikuridhika, na wimbo ukawa hukumu ya pili.

Umaarufu ulimletea husuda. Waimbaji wapinzani walimtungia beti za kumkejeli kwamba alikuja kutoka shamba na kaniki yake moja, na kwamba asingekuwa na lolote lau si sauti yake. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa, kwa hivyo tusi lenyewe lilikusudiwa kumrudisha kwenye jina la Mtumwa. Siti alijibu kwa wimbo, kwa hoja kwamba uzuri wa sura na ukoo hauna thamani penye upungufu wa akili. Aliimba akiwa amejifunika buibui, vazi ambalo hapo awali lilihusishwa na mabibi wa tabaka la juu. Baadhi ya wahakiki huona staha tu katika vazi hilo. Lakini kwa mtoto wa mtumwa, kuamua mwenyewe nani aone uso wake lilikuwa dai zito.

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya HMV. Nyimbo zao ni miongoni mwa nyimbo za kwanza kabisa za Kiswahili kutiwa katika santuri, na ziliuzwa kwa maelfu kote Afrika Mashariki. Mashine hiyo ya kigeni, ambayo ingeweza kudhaniwa ni adui wa mila, ilimfikisha mwimbaji wa Ng'ambo masikioni mwa watu wa Mombasa na Lamu ambao hawakupata kumwona.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kitabu ambacho kimewafunza wanafunzi wengi namna ya kuandika maisha ya mtu, na mwaka wa 2000 Mji Mkongwe uliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Eneo lililoandikishwa ni lile la majumba ya mawe. Ng'ambo ilibaki nje yake, na kwa kweli sehemu ya nyumba zake ilikuwa imeshabomolewa baada ya mapinduzi ya 1964 ili kupisha majengo ya ghorofa ya Michenzani. Fumba nako, walikofinyanga mama na binti, mji mpya wa nyumba za kuuzwa unajengwa sasa.