Al-Biruni na kibla ya Ghazna

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 huko Kath, katika nchi ya Khwarizm, ambayo leo imo Uzbekistan. Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka nchi hiyo, na mwanachuoni huyu akachukuliwa hadi Ghazna, Afghanistan ya leo.

Huko aliandika Tahdid, kitabu alichokimaliza mwaka 1025, akikusudia pamoja na mengine kuijua kwa yakini kibla ya mji huo. Kazi hiyo si nyepesi. Juu ya ardhi bapa ingetosha kupiga mstari. Juu ya tufe, mwelekeo wa njia fupi kabisa hubadilika kadiri msafiri anavyokwenda.

Zamani Khalifa al-Ma'mun alituma wapimaji jangwani ili waupime kwa miguu umbali wa digrii moja ya dunia. Al-Biruni alijiepusha na taabu hiyo. Katika ngome ya Nandana, iliyo Punjab ya Pakistan, alipima kimo cha mlima, akapata dhiraa 652 na ushei. Kisha akapanda kileleni na kupima jinsi upeo wa macho ulivyoinama: dakika 34 tu, zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa pembe hiyo ndogo akakokotoa nusu kipenyo cha dunia nzima, dhiraa 12,803,337.

Wapo wanaodai kuwa hakukosea hata kidogo. Tusiharakishe: urefu wa dhiraa yake una hitilafu, na hewa hupinda nuru itokayo kwenye upeo. Hata hivyo njia yenyewe ni sahihi.

Alifariki Ghazna karibu na mwaka 1050, Mwenyezi Mungu amrehemu.