Sadaka Iliyovuka Ua

Miaka kadhaa iliyopita, bahasha ya mchango ilipitishwa katika chumba cha walimu nilimofanya kazi. Mwanafunzi mmoja yatima alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kabla sijatia mkono mfukoni, niliuliza swali ambalo hadi leo linanitahayarisha: mtoto huyo ni wa dhehebu gani? Nilipojibiwa kwamba si wa dhehebu letu, nikatoa shilingi 20, nikarejelea kusahihisha madaftari. Kijana yule hakurudi muhula ule.

Huzikumbuka shilingi hizo kila niyatafakaripo maisha ya Allidina Visram, mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku Mombasa na vijana wasiojua alikuwa nani.

Visram alizaliwa mwaka wa 1851 huko Kera, katika Kutch, nchini India. Mnamo mwaka wa 1863, akiwa mtoto wa miaka ipatayo 12, alivuka Bahari Hindi kutafuta riziki. Huko Bagamoyo alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyeandaa misafara ya kwenda bara. Misafara hiyo ilipeleka nguo na ushanga, ikarejea na pembe za ndovu. Sikusudii kuipamba biashara hiyo, kwani mizigo yake ilibebwa na wapagazi ambao wengi wao hatuwajui hata kwa majina.

Hata hivyo, tajiri yule hakuwa mfano wa kuchuma tu. Sewa Haji, Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, alitoa jumba la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa asili zao. Alitoa pia mali ya kujengea hospitali Dar es Salaam, na jina lake lingali linatajwa katika hospitali ya Muhimbili. Alifariki mwaka wa 1897.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulikuwa umeanza Mombasa mwaka wa 1896. Visram aliifuata, akifungua duka baada ya duka, hadi Kisumu, Jinja na Kampala, na matawi yake yakazidi 100. Yeye naye alikuwa Mwismailia, lakini Wakristo wa Kampala walipochangisha fedha za kujenga kanisa kuu la Namirembe, alitoa mchango wake. Hakungoja wajenzi wawe wa imani yake ndipo afungue mkoba.

Alifariki mwaka wa 1916. Mwanawe, Abdul Rasul, alijenga shule ya sekondari Mombasa kwa kumbukumbu ya babake, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1923. Tazama jinsi ukarimu ulivyorithiwa: kutoka kwa tajiri hadi kwa mwajiriwa, na kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Biashara ile kubwa haikudumu. Iliporomoka katika miaka ya 1920. Shule ingalipo. Ni kweli kwamba chini ya ukoloni ilikuwa ya Wahindi, kwa maana serikali ya siku zile iliwatenga watoto kwa rangi. Baada ya uhuru watoto wa kila jamii waliingia, na leo wapo humo vijana ambao mababu zao wasingaliruhusiwa kuketi katika madarasa yale. Kumbe sadaka huweza kuwafikia watu ambao hata mtoaji hakuwawazia.

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi walimu hupenda kuieleza methali hii ubaoni kana kwamba inawahusu matajiri peke yao. Mimi sikukosa fedha siku ile, nilikosa moyo. Kumpa mtu wa nyumbani kwako ni wajibu, na aghalabu si kazi ngumu. Imani hupimwa pale mkono unapovuka ua.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba somo hili litangoja mpate mishahara. Visram aliajiriwa akiwa kijana kama ninyi. Anayegawana kalamu na daftari na jirani asiyesali naye ameshaanza.

Bahasha bado hupitishwa. Siku hizi huuliza kiasi gani kimepungua, basi.