Umar bin Abdulaziz, Khalifa wa Kanzu Moja

Wasomaji wetu wengi walilisikia jina la Umar bin Abdulaziz tangu walipokuwa chuoni, na aghalabu walisimuliwa kisa cha taa. Lakini kisa kile kikitajwa peke yake, bila ya yaliyokitangulia, mtu huweza kudhani kuwa huyu alikuwa maskini aliyezoea dhiki, akaja kutawala na dhiki yake. Sivyo hata kidogo. Sisi twaona kuwa hawezi kuijua thamani ya alichokiacha ila ajuaye alichokuwa nacho.

Alizaliwa katika nyumba ya ufalme wa Bani Umayya, karibu na mwaka wa 61 Hijria. Baba yake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa muda wa miaka ipatayo ishirini, na ami yake, Abdulmalik, alikuwa Khalifa mjini Damaski. Kwa upande wa mama alikuwa ni kitukuu cha Sayyidna Umar bin Khattab. Wapokezi husimulia kuwa Sayyidna Umar alikuwa akipita usiku Madina, akamsikia msichana akikataa kuyatia maji maziwa ya kuuza, ijapokuwa mama yake alimhimiza na hapakuwa na mtu wa kuwaona. Akamwoza mwanawe Asim msichana huyo, na binti aliyezaliwa kwao ndiye mama wa Umar huyu.

Alipelekwa Madina kusoma, akatiwa mikononi mwa mwalimu Salih bin Kaysan. Siku moja kijana alichelewa sala ya jamaa, na alipoulizwa, udhuru wake ukawa ni nywele zilizokuwa zikichanwa. Mwalimu akaandika barua Misri. Baba hakujibu kwa karatasi. Alimtuma mtu kutoka Misri hata Madina aje anyoe kichwa cha mwanawe. Kama ujana wake ungalinyooka kwa kinyozi yule, kisa kingalikuwa kifupi. Lakini alipokuwa mtu mzima, akamwoa Fatima binti Abdulmalik, akawa ndiye mtanashati kuliko wote katika jamaa ile. Manukato yake yalijulikana njiani kabla hajaonekana mwenyewe, na mwendo wake wa madaha uliigwa na wasichana. Kanzu ya mamia ya dirhamu aliiona ni ya kukwaruza.

Mwaka wa 87 Hijria (706), Khalifa al-Walid alimfanya liwali wa Madina. Husimuliwa kuwa aliingia na mizigo ya ngamia thelathini. Jambo la kwanza alilolitenda, na ni jema, ni kuwakusanya wanavyuoni kumi wa mji, miongoni mwao Urwa bin Zubayr na Salim bin Abdullah, akawaahidi kuwa hatakata shauri bila ya wao. Katika zama hizo ndipo Msikiti wa Mtume ulipojengwa upya na kupanuliwa. Lakini hatutaki kumsafisha mtu kwa kumficha. Kwa amri iliyotoka Damaski alimpiga mijeledi Khubayb bin Abdullah bin Zubayr, akamwagiwa maji ya baridi wakati wa baridi, na Khubayb akafa. Umar alikuwa ameitii amri. Tangu siku ile, wasema wanahistoria, kila aliposifiwa kwa wema alimkumbuka Khubayb, na haikumfaa kitu kuwa amri ilikuwa ya mwingine. Huenda ikawa mabadiliko yake yalianzia hapo, wala si kwenye kiti cha ukhalifa.

Katika mwezi wa Safar mwaka wa 99 (717), Khalifa Sulayman alifariki huko Dabiq, kaskazini ya Shamu. Mwanachuoni Raja bin Haywa alikuwa amemshauri aandike jina la Umar katika wasia uliofungwa kwa muhuri, na watu wakala kiapo bila ya kujua jina lililomo. Ulipofunguliwa, Umar mwenyewe alihuzunika. Baada ya maziko akaletewa farasi wa ufalme na watumishi wao. Akawakataa, akapanda nyumbu wake. Mahema, mazulia na manukato ya khalifa aliyepita, akaamrisha viuzwe na thamani yake iingie katika Baitulmali.

Kisha akaigeukia nyumba yake. Fatima alikuwa na johari alizopewa na baba yake, Abdulmalik. Umar akamhiyarisha: ama azirejeshe Baitulmali, ama waachane, kwani hakutaka kukaa naye yeye pamoja na johari zile chini ya dari moja. Fatima, binti wa khalifa, dada wa makhalifa na mke wa khalifa, alimchagua mumewe. Twaomba msomaji asikipite kipengele hiki kwa haraka. Mwanamume kujivua cha kwake ni jambo moja. Kumtaka mkewe naye ajivue ni zito zaidi, na mabinti zake hawakuulizwa. Usiku mmoja aliwakuta wakiziba vinywa vyao kwa mikono walipomwona; mlezi wao akamweleza kuwa chakula kilikuwa ni adesi na vitunguu, na walichelea kumuudhi baba yao kwa harufu. Akalia, lakini chakula hakikubadilika.

Mashamba waliyopewa jamaa zake bila ya haki aliyarudisha, akaanza na yake, na hati zake akazikata. Bani Umayya wakamtuma shangazi yake aje amlainishe. Umar akaitisha dinari, kipande cha nyama na makaa; dinari ilipokuwa nyekundu kwa moto akaitupa juu ya nyama ikachoma, na shangazi akarudi kwa jamaa zake akiwa amefahamu.

Ama kisa cha taa ni hiki. Mjumbe alifika usiku, na Khalifa akamhoji habari za raia kwa mwanga wa taa ya Baitulmali. Mjumbe alipogeuza maneno akamuuliza hali yake na ya watu wa nyumbani, Umar akaizima taa ile, akaitisha kijitaa chake hafifu. Tungependa kisa kingine kijulikane kama hiki. Liwali wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, alimwandikia kutaka mishumaa ya kumwangazia njia, na karatasi zaidi za kazi. Umar akamkumbusha kuwa zamani alikuwa akitembea Madina usiku wa giza bila ya mshumaa, na kuhusu karatasi akamwagiza aichonge kalamu yake iwe nyembamba na aikaribishe mistari. Nani kati yetu, akiwa na ofisi na karani, angalikumbuka jambo dogo kama hilo?

Hata hivyo hakuwa bahili kwa wafanya kazi wake. Aliwapa mishahara ya kutosha ili wasipate sababu ya kunyosha mkono, hali yeye mwenyewe hakuchukua. Na unyofu huo huo aliutia katika utawala: mtu aliyesilimu aliondolewa jizya, na liwali wa Khurasani aliyewasumbua waliosilimu kwa kutaka kwanza watahiriwe, aliuzuliwa. Ndiye pia aliyemwamuru Ibn Hazm kuziandika hadithi za Mtume, kwa khofu ya kupotea elimu pamoja na watu wake.

Utawala wake haukutimia miaka mitatu. Mwaka wa 101 (720) aliugua, na wengi wamepokea kuwa alitiliwa sumu. Shemeji yake Maslama alikwenda kumzuru, akaona kanzu ya mgonjwa imechafuka, akamtaka dada yake aifue. Aliporudi akaiona vile vile, akaghadhibika. Fatima akamjulisha kuwa mumewe hana nyingine ya kuvaa hiyo ikifuliwa.

Alifariki mwezi wa Rajab huko Dayr Simaan, umri wake wapata miaka arubaini, akazikwa katika ardhi aliyoinunua kwa pesa zake kwa wenyewe. Yazid, ndugu wa Fatima, akashika ukhalifa, akataka kumrudishia dada yake johari zake. Akazikataa, akasema kuwa hakumtii mumewe alipokuwa hai ili amuasi alipokwisha kufa. Yazid akawagawia wanawake wengine wa nyumba ile, na Fatima akitazama.