Abraham Lincoln na Karatasi za Ukoo Wake

Jina la Abraham Lincoln si geni kwako. Huyu ndiye rais wa kumi na sita wa Marekani, aliyetangaza tarehe 1 Januari 1863 kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Hayo tumeyasoma sote na sitayarudia. Mimi nataka kuwasimulia jambo jingine lililonishangaza mno: mtu mkubwa hivi hakuwajua babu zake! Akishampita baba wa baba yake, mbele ni giza, uvumi na kubahatisha tu.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na jioni nyanya hunikalisha jikoni nimtajie majina ya ukoo wetu moja baada ya jingine. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Kwa hiyo niliposoma habari hii maktabani nilicheka. Kisha nikasoma sababu yake, kicheko kikanitoka.

Babu yake, ambaye pia aliitwa Abraham Lincoln, alikuwa mkulima wa Virginia aliyehamia Kentucky kutafuta ardhi. Mwezi wa Mei 1786 alikuwa shambani na wanawe watatu, ghafla wakavamiwa na wenyeji wa asili, naye akauawa papo hapo. (Wenyeji hao waliijua ardhi ile kabla ya Lincoln yeyote kukanyaga pale, ila vitabu vingi hulipita jambo hilo mbio mbio.) Josiah alitimka ngomeni kuomba msaada. Mordecai, kifungua mimba, akakimbilia bunduki nyumbani. Mdogo wao Thomas, mtoto wa miaka minane, alibaki kando ya maiti ya baba yake. Mshambuliaji mmoja alipomkaribia, Mordecai alimpiga risasi. Thomas huyo ndiye baba wa rais.

Sasa sikieni sheria ya siku zile. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na mwenye kurithi ardhi ni kifungua mimba. Mordecai akapata, Thomas hakupata hata shubiri. Alikua akifanya vibarua huku na huku, akajifunza useremala, na kalamu aliishika kwa shida kuandika jina lake tu. Mtoto aliyefiwa hivyo angesimuliwa na nani habari za babu wa babu yake?

Hata hivyo Thomas hakukata tamaa. Mwaka 1803 alinunua shamba la Mill Creek. Mwaka 1808 akanunua la Sinking Spring, na hapo, tarehe 12 Februari 1809, mkewe Nancy Hanks akamzaa Abraham. Mwaka 1811 wakahamia Knob Creek. Mashamba matatu, na hakuna hata moja lililomwachia raha! Kentucky ardhi ilipimwa ovyo ovyo, kutoka mti fulani hadi jiwe fulani hadi kijito. Mti ukianguka, mpaka nao umekwenda. Ati shamba moja laweza kuwa na wenyewe wawili au watatu, kila mmoja na karatasi yake mkononi! Sisi ambao kwetu kesi ya mpaka imeendelea tangu nikiwa darasa la pili twamwelewa sana mzee Thomas.

Basi mwishoni mwa 1816 akavuka mto Ohio na familia yake, akaingia Indiana. Huko serikali ilikuwa imepima ardhi kwa miraba kabla ya kuiuza, tena utumwa ulikuwa umepigwa marufuku. Aliandikisha ekari 160 kwa dola 2 kila ekari. Pesa zikamshinda, akarudisha nusu ili abaki na ekari 80 zilizolipiwa zote. Mwaka 1818 Nancy alifariki kwa ugonjwa wa maziwa, uliotokana na ng'ombe kula mmea wenye sumu. Abraham alikuwa na miaka tisa tu. Mama wa kambo, Sarah Bush Johnston, alifika mwaka uliofuata na akawalea vyema. Mwaka 1830 wakahama tena, safari hii hadi Illinois.

Mnaona? Kila kizazi kilihama, na kila kilipohama kiliziacha karatasi nyuma, katika mahakama za mbali.

Mwaka 1848, Lincoln akiwa mbunge, aliandikiana barua na Solomon Lincoln wa mji wa Hingham, Massachusetts, aliyetaka kujua kama wao ni ndugu. Abraham aliona majina yanafanana, Mordecai huku na Mordecai kule, lakini ushahidi hakuwa nao. Wachunguzi waliokuja baadaye ndio waliofuata wosia na hati za mashamba, jimbo baada ya jimbo, mpaka wakaipata njia yote: Thomas mwana wa Abraham, mwana wa John, mwana wa Mordecai, mwana wa Mordecai mwingine, mwana wa Samuel. Samuel huyo alitoka Uingereza mwaka 1637 akiwa mwanagenzi wa mfumaji nguo, akaishi Hingham ile ile. Orodha ya abiria inasema alikuwa na miaka 18, lakini kitabu cha kanisa kinaonyesha alibatizwa 1622! Yaani alikuwa kijana wa rika langu, na huenda aliongeza miaka ili apate kusafiri.

Baba yake Thomas alipokuwa mahututi mwaka 1851, Lincoln hakwenda kumwona, wala mazikoni hakufika. Hilo mimi sijaweza kumsamehe. Lakini mwaka huo huo alichukua Biblia ya familia ya baba yake akaandika kwa mkono wake majina na tarehe za waliozaliwa, waliooa na waliokufa.

Kuna karatasi moja ambayo hakuwahi kuiona. Watu wenye ndimi kali walivumisha kwamba Thomas na Nancy hawakuoana kihalali. Cheti kilitafutwa Hardin, kaunti walikokuwa wakiishi, kikakosekana. Kumbe waliozwa kaunti jirani ya Washington, tarehe 12 Juni 1806, na mhubiri Jesse Head, naye aliipeleka taarifa kwa karani kama sheria ilivyotaka. Ilipatikana zaidi ya miaka kumi baada ya Lincoln kuuawa Aprili 1865. Ilikuwa imetulia mahakamani katika mji wa Springfield, Kentucky. Na yeye maskini alikaa zaidi ya miaka ishirini, na kaburi lake liko, katika Springfield nyingine, ile ya Illinois.