Mcheza kwao hutuzwa, na aliyefyeka uwanja je?

Mwaka juzi nilialikwa kuwa mgeni wa heshima katika sherehe ya kuwatuza wanafunzi wa shule moja karibu na Kegonga, huko Kuria Mashariki, katika kaunti ya Migori, ambako ndiko nilikozaliwa. Kama ilivyo ada ya watu wanaoishi na maneno, niliipamba hotuba yangu kwa methali. Niliwaambia vijana walioleta vikombe vya kandanda na riadha kwamba mcheza kwao hutuzwa, na hema zima likashangilia. Baada ya shughuli, nikielekea garini, nilimwona mzee mmoja amesimama kando, kofia mkononi. Alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi. Ndiye aliyekuwa akibaki uwanjani jioni baada ya wenzake kwenda zao, akashika panga na jembe, akafyeka nyasi na kufukia mashimo. Ndiye aliyenunua mpira kwa fedha zake pale ule wa shule ulipopasuka. Ndiye aliyetembea nasi kwenda mashindanoni, njia nzima akibeba mtungi wa maji. Nilimwamkia kwa heshima zote, naye akanipongeza kwa hotuba nzuri. Hotuba hiyo, msomaji, haikuwa na jina lake.

Tangu siku ile methali yenyewe imekuwa ikinisuta. Kutuza, katika matumizi yake ya ngomani, ni kumtolea mchezaji fedha au kitu mbele ya kadamnasi ili ijulikane kwamba amewafurahisha watu. Lakini tazama kitenzi kilivyo: hutuzwa, katika kauli ya kutendwa. Hakimtaji anayetuza, wala hakimtaji aliyeufagia uwanja, aliyeiwamba ngoma, au aliyepika chakula cha wachezaji. Sarufi imemwacha mcheza peke yake katikati ya duara, nasi tumeridhika kumwacha hivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo nimeona nimlete mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi mtu aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita, mchezaji wa kriketi aliyeitwa Learie Constantine. Najua Kegonga si mji wa kriketi. Kwetu vijana hukimbia na kupiga kandanda. Hata hivyo kriketi ina jambo moja linalonivutia: ni mchezo wa daftari. Kila mkimbio, yaani kila alama anayoipata mpigaji, huandikwa, na kila mpira unaorushwa huhesabiwa, hata miaka 100 baadaye mtu aweza kujua nani alifanya nini Jumamosi fulani. Ila daftari hilo halina safu ya mkata nyasi. Maisha ya Constantine yanatuonyesha ni nini kingeandikwa katika safu hiyo kama ingalikuwapo.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1901 katika kisiwa cha Trinidad, katika Bahari ya Karibi, kilichokuwa wakati huo koloni la Uingereza. Mama yake alitoka katika kizazi cha watumwa. Baba yake, Lebrun Constantine, alikuwa msimamizi katika shamba la kakao, na alikuwa mchezaji hodari. Mwaka 1900, timu ya West Indies ilipojiandaa kwenda Uingereza kwa mara ya kwanza, Lebrun aliteuliwa lakini hakuwa na uwezo wa kuacha kazi na kugharimia safari. Inasimuliwa kwamba siku ya kuondoka mfanyabiashara mmoja alimkuta amesimama barabarani mjini Port of Spain. Mara fedha na nguo zikatafutwa, na mashua ya kasi ikakodiwa kuifukuzia meli iliyokwisha kung'oa nanga. Lebrun alipandishwa melini baharini. Huko London, katika uwanja wa Lord's, alipata mikimbio 113, akawa mchezaji wa kwanza wa timu ya West Indies kuvuka 100 katika ardhi ya Uingereza. Daftari linaitaja 113. Halimtaji aliyeikodi mashua.

Mwanawe Learie hakujifunza kwa mkufunzi wa kulipwa. Alijifunza uani kwao, kwenye kiwanja kilichotengenezwa na jamaa. Baba alirusha, wana walipiga, mama alisimama nyuma ya wiketi kudaka, na dada naye alikuwa uwanjani akiokota mipira. Mjomba wake, Victor Pascall, alikuja kuichezea West Indies. Hiyo ndiyo iliyokuwa klabu yake ya kwanza, na mama yake ndiye mfanyakazi wake wa kwanza wa kujitolea, ijapokuwa hapana aliyemwita hivyo.

Alipokua alijiunga na klabu ya Shannon. Yafaa ieleweke kwamba klabu za Trinidad siku zile zilikuwa zimegawanyika kwa rangi na kwa tabaka. Queen's Park ilikuwa ya Wazungu wenye mali, Maple ya watu wa tabaka la kati wenye ngozi ya maji ya kunde, Stingo ya mafundi na wafanyakazi maskini, na Shannon ya Waafrika walioanza kupanda ngazi: walimu wa shule, makarani, na watu wa maduka. Mgawanyiko wa namna hiyo si mgeni kwetu. Kriketi ya Nairobi nayo ilikulia katika klabu za jumuiya, kama vile Sikh Union, Aga Khan na Sir Ali Muslim, kila moja ikiwa na watu wake na wazee wake walioitunza. Wanachama wa Shannon walifanya mazoezi kwa bidii isiyo ya mchezo. Kwao kila mechi ilikuwa ushahidi mahakamani kwamba Mwafrika aweza. Constantine, aliyekuwa karani katika ofisi ya mawakili, alisema maisha yake yote kwamba nidhamu yake ilitoka Shannon.

Aliichezea Trinidad mara ya kwanza mwaka 1921, akazuru Uingereza mwaka 1923, kisha mwaka 1928. Mwezi Juni mwaka huo wa 1928, dhidi ya Middlesex katika uwanja wa Lord's, alipata mikimbio 86 kwa muda usiotimia saa moja, akawatoa wapigaji 7, kisha akapata mikimbio 103 kwa takriban saa moja tu, na West Indies ikaushinda mchezo ambao kila mtu alikuwa ameshauhesabu kuwa umepotea. Katika msimu mzima alivuka mikimbio 1,000 na kuwatoa wapigaji zaidi ya 100. Magazeti yalimjua. Lakini sifa haikumpa kazi. Nyumbani Trinidad mlango wa mtu mweusi kupanda cheo ulikuwa mwembamba mno, na kriketi ya huko haikulipa.

Ajira ilitoka mahali ambapo pengine hungepadhania. Mwaka 1929 alikwenda Nelson, mji mdogo wa viwanda vya pamba katika jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Kanuni ya ligi yao ilikuwa kwamba kila klabu iwe na mchezaji mmoja tu wa kulipwa. Wengine wote walikuwa wafumaji, makarani na wauza duka waliocheza Jumamosi alasiri bila malipo. Tafakari basi hali hiyo: mtu mmoja analipwa, na kumzunguka ni jamii nzima isiyolipwa. Hao ndio walioulaza uwanja kwa roli, waliosimama langoni kukusanya viingilio, waliochemsha chai ya wachezaji, na walioandika daftari. Mpigaji akifikisha mikimbio 50, kisanduku kilipitishwa kwa watazamaji, kila mtu akatia alichojaliwa. Niliposoma habari hiyo nilitabasamu, kwani ndiko kutuza kwetu kwa ngomani, kwa jina jingine na chini ya mawingu ya Lancashire.

Mwanzoni wenyeji walimkodolea macho yeye, mkewe Norma na binti yao Gloria, maana watu weusi hawakuonekana mjini hapo, na hakukosa kusikia maneno ya kuudhi. Alikaa akawazoea, nao wakamzoea. Katika misimu 9, hadi mwaka 1937, Nelson ilitwaa ubingwa wa ligi mara 7, na umati uliokuja kumtazama uliikomboa klabu katika shida zake za fedha. Mwaka 1932 rafiki yake kutoka Trinidad, mwandishi C. L. R. James, alifika na kukaa nyumbani kwake. Humo, katika mji wa wafumaji, wawili hao walijadili mustakabali wa visiwa vyao na haki ya watu wao kujitawala.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Constantine aliajiriwa na serikali ya Uingereza mjini Liverpool kushughulikia maslahi ya mafundi waliotoka Karibi. Mwaka 1943 alikwenda London kucheza kriketi. Hoteli ya Imperial, iliyokuwa imekubali kumpokea pamoja na jamaa yake, ilikataa wasilale zaidi ya usiku mmoja kwa sababu ya rangi yao. Alikwenda mahakamani na mwaka 1944 akashinda. Fidia ilikuwa gini 5 tu, lakini mlango ulikuwa umefunguka kidogo. Baadaye alihitimu uanasheria, akarudi Trinidad mwaka 1954, akawa mbunge na waziri, kisha balozi wa nchi yake mjini London. Mwaka 1963 aliwaunga mkono hadharani wananchi wa Bristol waliogomea mabasi ya mji huo kwa kuwa kampuni ilikataa kuajiri watu weusi. Mwaka 1969 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Baraza la Malodi.

Hapa ndipo penye shabaha yangu. Anayepewa uanachama wa maisha katika baraza hilo huchagua majina ya mahali yatakayofuata cheo chake. Constantine angeweza kuchagua majina makubwa. Alichagua mawili: Maraval, bonde la utoto wake, na Nelson, mji wa Jumamosi zake. Mtu aliyepigiwa makofi Lord's alikipeleka kileleni kabisa cha dola ya Uingereza kiwanja cha uani kwao na klabu ya wafumaji, vikasomwa pamoja na jina lake. Alifariki London tarehe 1 Julai 1971, akazikwa Trinidad. Alikuwa amefanya lile ambalo mimi, katika hema la shule, sikulifanya.

Nasi tuna somo letu la karibu zaidi. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, timu ya Kenya iliyoongozwa na Maurice Odumbe iliishinda West Indies kwa mikimbio 73 katika Kombe la Dunia. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa imepoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Sababu za kuanguka huko ni nyingi, na ugomvi wa viongozi ni mojawapo. Lakini walimu watanielewa nikisema kwamba tuliwatuza mashujaa na kuusahau uwanja. Mti hausimami kwa matunda yake.

Wapo watakaonipinga kwamba anayejitolea hataki malipo, na kwamba ukimtuza unaliharibu tendo lake. Hoja hiyo ni nzito, nami naiheshimu. Lakini lugha yetu imekwisha kutenganisha mambo hayo mawili. Kulipa ni kumaliza deni, na akishalipwa mtu hudai tena nini? Kutuza hakumalizi deni, bali hulitangaza. Mwalimu aliyefyeka uwanja kwa miaka 20 hatuwezi kumlipa hata tukitaka. Tunachoweza ni kusimama mbele ya watu na kukiri kwamba tunamwia.

Basi nina ombi dogo kwa walimu wakuu na wazee wa klabu, kuanzia Kegonga hadi Homa Bay. Kila shule na kila klabu ifungue daftari moja la majina ya wanaotumika bila ujira: anayepiga chokaa uwanjani, anayefua jezi, anayeshika kipenga, anayewatibu walioteguka. Siku ya zawadi majina hayo yasomwe kwenye jukwaa lile lile, kabla ya vikombe, na wenye majina waketi mbele. Nazo ofisi za michezo za kaunti, zinapohesabu bingwa wa mwaka, ziihesabu pia klabu iliyomlea. Hayo yote hayahitaji bajeti. Yahitaji kalamu na kumbukumbu.

Kwa upande wangu nimemwandikia mwalimu mkuu wa shule ile kumwomba dakika 5 katika sherehe ijayo. Mzee wangu yu hai bado, na nimeambiwa kwamba jioni, mvua isiponyesha, huonekana ukingoni mwa uwanja akiwatazama vijana. Safari hii hotuba yangu itaanza na jina lake.