Isaac Levitan, mchoraji wa majira ya Urusi

Ni wachoraji wachache walioipa Urusi sura yake ya misitu, mito na theluji kama Isaac Levitan. Hata hivyo sheria za nchi hiyo zilimhesabu kuwa mtu wa kuvumiliwa tu, na mara mbili zilimtoa katika mji aliokulia.

Levitan alizaliwa mwaka 1860 katika familia ya Kiyahudi huko Kybartai, mji ambao leo uko Lithuania lakini wakati huo ulikuwa ndani ya himaya ya Urusi. Baba yake, aliyejifunza lugha za kigeni bila mwalimu, aliihamishia familia Moscow akitafuta maisha bora. Hakuyapata. Mwaka 1873 kijana Isaac aliingia chuo cha uchoraji cha Moscow. Miaka miwili baadaye mama yake akafariki, na mwaka 1877 homa ya matumbo ikamchukua baba yake. Yatima huyo alibaki hana ada wala mahali pa uhakika pa kulala. Chuo kilimsamehe ada kwa sababu ya ufukara wake, na pia kwa sababu walimu walikwishakiona kipaji chake.

Miongoni mwa walimu hao alikuwa Alexei Savrasov, aliyewahimiza wanafunzi watoke nje na kuitazama ardhi ya kawaida: njia yenye matope, kijito, miti isiyo na majani. Kwa wengi, mandhari ya namna hiyo haikustahili kuchorwa. Kwa Levitan ikawa kazi ya maisha.

Mwezi Aprili 1879 mtu mmoja alijaribu kumwua mfalme, Tsar Alexander II. Mshambuliaji hakuwa Myahudi, lakini baada ya tukio hilo Wayahudi wengi waliamriwa kuondoka Moscow. Levitan, akiwa na umri wa miaka 18, alihamia na ndugu zake Saltykovka, nje ya mji. Mwaka huo huo alichora njia ya bustani ya Sokolniki katika majira ya mapukutiko, wakati majani yanapogeuka manjano na kuanguka. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi anatembea peke yake chini ya mawingu mazito. Mwanamke huyo aliongezwa na mwanafunzi mwenzake, Nikolai Chekhov, ndugu wa mwandishi Anton Chekhov. Tajiri Pavel Tretyakov, aliyekuwa akikusanya sanaa ya Kirusi, aliinunua picha hiyo mwaka 1880.

Chuo chenyewe hakikuwa karimu kiasi hicho. Levitan aliondoka mwaka 1885 bila cheo kamili cha mchoraji.

Mwaka 1887 aliufuata mto Volga, akavunjwa moyo na mvua na anga la kijivu. Alirudi mwaka uliofuata, na mara hii akaufikia mji mdogo wa Plyos, ambako alikaa kwa vipindi vya kiangazi mpaka mwaka 1890. Hapo alichora ukungu wa jioni, paa zilizolowa baada ya mvua, na miti yenye magome meupe ikipenyezwa na jua. Watu karibu hawaonekani katika picha zake, ila athari zao zipo: mashua, daraja, kanisa lililo mbali.

Picha yenye uzito mkubwa kuliko zote huenda ni ile ya mwaka 1892 iitwayo Vladimirka. Ni barabara tu ya udongo inayokwenda hadi upeo wa macho chini ya mawingu. Mrusi wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa zaidi: kwa miaka mingi wafungwa waliofungwa minyororo walipita barabara hiyo kwa miguu wakipelekwa Siberia. Mwaka huo huo, katika wimbi jingine la kuwafukuza Wayahudi, Levitan naye aliamriwa kuondoka Moscow, ingawa jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma. Aliruhusiwa kurudi mwezi Desemba, baada ya marafiki kumwombea. Mwaka 1894 alimpa Tretyakov picha hiyo kama zawadi.

Alisumbuliwa kwa muda mrefu na huzuni nzito, na katika kiangazi cha 1895 alijaribu kujiua. Ajabu ni kwamba mwaka huo ndio uliozaa picha zake zenye furaha zaidi. Katika Machi, farasi aliyefungwa kigari cha theluji anasubiri mbele ya nyumba, na vivuli juu ya theluji inayoanza kuyeyuka ni vya buluu. Katika Mapukutiko ya Dhahabu, miti ya manjano inasimama kando ya mto mwembamba wenye maji ya buluu nzito. Msomaji aliyepitisha Oktoba moja katika nchi za baridi atazitambua rangi hizo mara moja.

Moyo ulikuwa tayari umeanza kumshinda. Mwaka 1898 chuo kile kile kilichomnyima cheo kilimwita awe mwalimu wa uchoraji wa mandhari, naye akawatoa wanafunzi wake nje kama Savrasov alivyomfanyia. Mwisho wa mwaka 1899 alimtembelea Anton Chekhov huko Yalta. Mwandishi huyo, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, aliitamani mandhari ya kaskazini. Levitan akamchorea juu ya kadibodi malundo ya nyasi kavu katika mwangaza wa mbalamwezi, na picha ikawekwa juu ya meko.

Alifariki Moscow katikati ya mwaka 1900, akiwa hajatimiza miaka 40, akaacha bila kumaliza picha kubwa ya ziwa siku ya upepo. Alizikwa katika makaburi ya Wayahudi. Mwaka 1941 mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya Novodevichy, karibu na kaburi la Chekhov.