Maisha ya Vito Volterra, Mwenye Kuhesabu Viumbe wa Baharini

Katika elimu zilizozaliwa karne hizi za karibu iko moja ambayo kazi yake ni kuhesabu viumbe: wangapi wanazaliwa, wangapi wanakufa, nani amla nani, na kwa nini jamii moja huzidi mwaka huu kisha ikapungua mwaka wa pili. Wavuvi na wakulima waliyaona mambo haya tangu kale, walakini hawakuwa na mizani ya kuyapimia. Mmoja katika waliowapa mizani hiyo ni Vito Volterra, mtu wa Italia. Khabari zake zina mafunzo mawili. La kwanza ni jinsi daftari la soko la samaki lilivyokuwa mlango wa elimu kubwa. La pili ni jinsi bwana huyu alivyotakiwa kiapo asichokiamini, akakataa, na gharama aliyoilipa.

KUZALIWA NA KUKUA KWAKE

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1860 katika Ancona, mji ulio kando ya bahari ya Adriatiki. Wazee wake walikuwa Mayahudi, nao hawakuwa na mali. Mwaka ule ule mji wao ulizingirwa na majeshi katika vita vya kuiunganisha Italia, na husimuliwa kwamba bomu lilianguka karibu na mahali alipolazwa mtoto, naye akasalimika kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Alipokuwa na umri wa miaka miwili baba yake akafa, mama akabaki mjane hana kitu. Ndipo mjomba wake, Alfonso Almagià, aliyekuwa akifanya kazi katika benki, akawachukua mama na mtoto akawaweka nyumbani kwake, na mtoto akakua mikononi mwake.

Mapenzi yake ya hesabu yalidhihiri mapema. Alipokuwa na miaka 11 alisoma vitabu vya hesabu vilivyowashinda watu wazima. Alipotimiza miaka 13 alisoma hadithi ya Jules Verne ya watu waliorushwa kwenda mwezini. Wenziwe waliisoma kwa kujifurahisha. Yeye akaketi na karatasi kutafuta njia ambayo chombo kile kingepita, kikivutwa huku na dunia na huku na mwezi.

Walakini nyumba ilikuwa na haja ya fedha, na jamaa wakaona afadhali kijana atiwe katika kazi ya benki. Walimwita ndugu yao mmoja, Edoardo Almagià, aliyekuwa injinia, amnasihi aiache hesabu. Bwana huyo alipokwisha kuzungumza na kijana akaona akili yake si ya kupotezwa, akarudi kwa wazee akawanasihi wao. Mwalimu wake mmoja akampatia kazi ndogo katika chuo cha Florence, naye akapata pa kushika. Mwaka 1878 akaingia Pisa, akahitimu mwaka 1882, na mwaka uliofuata, hali ana miaka 23 tu, akafanywa profesa. Kutoka Pisa alikwenda Turin mwaka 1892, kisha Roma mwaka 1900. Mwaka 1905 alitiwa katika Baraza la Seneti la nchi yake.

Italia ilipoingia katika vita vikuu vya kwanza alikuwa na umri wa miaka 55, umri ambao haitwi mtu vitani. Yeye alijitolea mwenyewe, akaingia jeshini, akafanya kazi ya marikebu za hewani. Akawa miongoni mwa waliotoa shauri la kujaza marikebu hizo hewa ya heliumu isiyoshika moto, badala ya haidrojeni iwakayo.

SWALI LA SAMAKI

Katika watoto wake alikuwako binti aitwaye Luisa, mwanafunzi wa elimu ya wanyama. Binti huyu aliposwa na kijana wa elimu ile ile, Umberto D'Ancona, nao wakaoana mwaka 1926. Kazi ya D'Ancona ilikuwa kupitia madaftari ya masoko ya samaki ya Trieste, Fiume na Venice, kwa miaka iliyotangulia vita, ya vita, na iliyofuata. Humo alikuta jambo la ajabu.

Wakati wa vita bahari ya Adriatiki ilikuwa uwanja wa mapigano, na uvuvi ukapungua sana. Vita vilipokwisha, mashua zikarudi kazini. Mtu angetaraji kwamba baada ya mapumziko yale samaki wote wangezidi kwa kadiri moja. Daftari lilisema vingine. Katika soko la Fiume, mwaka 1914, jamii ya papa na taa ilikuwa kiasi cha 12 katika kila 100 ya samaki walioletwa. Mwaka 1918 ikafika zaidi ya 36 katika kila 100. Kisha uvuvi ulipokaa sawa ikaanza kushuka, hatta mwaka 1923 ikawa chini ya 11. Basi waliofaidi kwa wingi mapumziko yale ni walaji, si waliwao. Kwa nini? D'Ancona alimpelekea mkwewe swali hilo mwishoni mwa mwaka 1925.

Volterra alikuwa na miaka 65, na jina lake limekwisha kuenea kwa kazi nyingine za hesabu. Angeweza kusema kwamba papa si shughuli yake. Hakusema hivyo. Aliliweka swali mbele yake kama alivyofanya zamani na chombo cha mwezini.

HESABU YAKE

Alifikiri bahari yenye jamii mbili tu. Jamii ya kwanza ni samaki waliwao; hawa chakula chao hakipungui, na wakiachwa peke yao huzidi, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo wanavyozidi kwa haraka. Jamii ya pili ni walaji. Hawa hawana chakula ila wale wa kwanza, na wakiwakosa hufa njaa. Kukutana kwa jamii hizi mbili hufuata wingi wao: wakiwa wengi pande zote mbili, wanaokamatwa ni wengi, wakiwa wachache, wanaokamatwa ni wachache. Akaandika mistari miwili ya hesabu, kila mstari ukieleza mwendo wa jamii moja, na kila mmoja umefungamana na mwenziwe.

Katika mistari hiyo zilitoka kanuni tatu.

Kanuni ya kwanza ni zamu. Walaji wakiwa wachache, waliwao huzidi. Chakula kikiwa tele, walaji nao huzidi, ila kwa kuchelewa. Wakizidi mno, waliwao hupungua. Na hao wakipungua, walaji hufa njaa, na mambo hurudi yalikoanza. Mzunguko huu hauhitaji ugonjwa, wala tufani, wala sababu yoyote ya nje. Kule kulana kwenyewe kwatosha kuuendesha.

Kanuni ya pili ni ya wastani. Ukijumlisha hesabu za zamu nzima na kuzigawa, utapata kiasi kisichobadilika, hata zamu hiyo ikianza na samaki wengi au wachache. Kiasi cha waliwao hutegemea jinsi walaji wanavyokufa na wanavyonufaika na chakula chao. Na kiasi cha walaji hutegemea jinsi waliwao wanavyozaana.

Kanuni ya tatu ndiyo jawabu la soko la Fiume. Mvuvi hutupa wavu akachukua wote, mlaji na aliwaye. Kwa upande wa walaji, wavu ni kifo kilichoongezwa juu ya vifo vyao. Ili kujaza pengo lao hawana budi kupata chakula zaidi kuliko kwanza, basi wastani wa walaji hauwezi kudumu ila waliwao wawe wengi zaidi. Kwa upande wa waliwao, wavu hupunguza ziada yao; na ziada ikiwa ndogo, walaji wachache hutosha kuila. Kwa hiyo uvuvi wa kadiri hupunguza papa na kuongeza samaki wadogo, na uvuvi ukisimama mambo hupinduka. Walakini jambo hili lina mpaka. Wavu ukichukua zaidi ya wanaozaliwa, waliwao humalizika, na walaji huwafuata.

Faida ya kanuni hii haikukoma baharini. Katika mashamba ya michungwa ya California aliingia mdudu mharibifu mwaka 1868 au karibu yake, naye hakushindwa mpaka alipoletwa mdudu wa Australia amlaye, katika miaka ya 1888 na 1889. Baadaye, katika miaka ya 1940, wakulima walinyunyiza dawa ya DDT iliyoua wadudu kwa jumla, na yule mharibifu akazidi tena. Dawa ilifanya kazi ya wavu: ilimdhuru zaidi mlaji.

WALIOMTANGULIA NA WALIOMFUATA

Volterra hakuanza penye tupu. Mwaka 1798 Malthus wa Uingereza alieleza jinsi watu wanavyozidi kuliko chakula chao. Mwaka 1838 Verhulst wa Ubelgiji aliandika hesabu ya jamii inayozidi kisha ikasimama kwa kufika mpaka wa riziki yake. Na mwaka 1925, kabla Volterra hajachapisha kazi yake ya 1926, Alfred Lotka, mzaliwa wa Lemberg aliyekaa Marekani, alikuwa amekwisha kuchapisha mistari ile ile miwili katika kitabu chake. Lotka alipomwandikia kumjulisha, Volterra alikiri kwamba mwenziwe ametangulia katika jambo hilo. Tangu hapo mistari ile hutajwa kwa majina yao wawili.

Aliyeijaribu hesabu hiyo kwa macho ni Gause, kijana wa Urusi, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1934. Yeye alitia katika chupa vijidudu vidogo visivyoonekana ila kwa darubini, jamii moja ikila nyingine. Zamu hazikutokea: walaji walikula mpaka wa mwisho, kisha wakafa njaa wote. Alipokuwa akiongeza mara kwa mara wachache wa jamii zote mbili ndipo akaona kupanda na kushuka. Hapo ilijulikana kwamba mistari miwili ni msingi na si nyumba nzima. Bahari ya kweli ina maficho, ina majira, ina jamii nyingi. Walakini waliokuja baada yao walijenga juu ya msingi huo, na hatta leo mwanafunzi wa elimu hii huanzia hapo.

KIAPO

Mwaka 1922 chama cha Mafashisti kilishika utawala wa Italia. Volterra, katika Seneti, alikuwa katika wachache waliokipinga, na mwaka 1925 alitia sahihi yake katika tangazo la wataalamu waliokikataa. Alikuwa ndiye rais wa kwanza wa Baraza la Utafiti la nchi yake, lililoanzishwa mwaka 1923. Mwaka 1927 cheo hicho kikashikwa na mtu mwingine.

Hatta mwaka 1931, mwaka kilipotoka Paris kitabu chake cha hesabu ya viumbe kulana, ikatoka amri kwamba kila profesa aape kuutii utawala wa Mafashisti, na kuwalea wanafunzi katika utiifu huo. Walikuwa zaidi ya maprofesa 1,200. Wengi wao hawakukipenda kiapo hicho. Wengine waliapa kwa kuhofia riziki ya watoto wao, na wengine kwa kusema kwamba ulimi umeapa na moyo haumo. Waliokataa walikuwa 12, na Volterra mmoja wao.

Alikuwa mzee wa miaka 71, mwenye kila udhuru wa kunyamaza. Lakini kiapo ni amana. Mtu aliyetumia umri wake kusema jambo lilivyo, na kumkiri mwenziwe aliyemtangulia, hakuweza kuweka jina lake chini ya neno asilolisadiki. Aliandika barua fupi ya kukataa, na kazi yake ya miaka 31 katika Roma ikakoma. Mwaka 1934 kilitakiwa kiapo cha namna hiyo katika vyama vya elimu. Akakataa tena, akatolewa katika vyama vyote vya Italia. Mwaka 1938 zikatoka sheria za kuwatenga Mayahudi, na mwanawe Edoardo, mwalimu wa sheria, naye akapoteza kazi yake.

KUFA KWAKE

Mwezi wa Desemba 1938 alishikwa na ugonjwa wa mishipa uliomdhoofisha viungo, ila akili yake ilibaki timamu, na kazi hakuiacha. Alikufa Roma tarehe 11 Oktoba 1940, ana umri wa miaka 80, akazikwa Ariccia, karibu na mji huo. Nchi yake ilikuwa imekwisha kuingia vita vikuu vya pili, na wavuvi wa Adriatiki walikuwa wameiona bahari yao ikigeuka tena njia ya manowari.

Utawala ule uliodai viapo ulianguka mwaka 1943, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Wale 1,200 na zaidi waliapa kwa kitu ambacho hakikudumu hatta miaka kumi na mitatu tangu kuapa kwao. Mistari miwili ya Volterra haikuapiwa na mtu, nayo ingali ikisomeshwa. Na daftari la soko la Fiume, lililoandikwa na makarani ambao majina yao hayakumbukwi, lingali shahidi kwamba hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu, hata ikiwa ya papa na taa, haipotei.